Badala ya Kuhamisha Jua, Nilihamisha Watu

Mlioniacha wiki jana nimekaa kwenye kitanda cha mbao tupu, msiwe na wasiwasi: bado nimekaa palepale. Godoro halijarudi. Mke aliyeondoka nalo hajarudi pia, na kati ya viwili hivyo sijui kipi mgongo wangu unakikumbuka zaidi.

Kwa mgeni aliyelipata gazeti hili likiwa limefungiwa misumari, nitasema kwa kifupi. Kiwanda cha sabuni nilichokitumikia miaka kumi na miwili kilifungwa. Mke akasema atanivumilia miezi sita. Akahesabu vibaya, akaondoka mwezi wa nne. Nikiwa na miaka thelathini na saba nikaanza kujifunza kazi upya kwenye studio ya video, kuhariri harusi na mahafali ya watu waliofanikiwa. Huko studio wakanibatiza Babu Chekechea.

Watu huniuliza kama niliumia. Sikuumia. Tangu begi lile lilipotoka mlangoni, moyo wangu uko kama jino lililodungwa sindano. Naugusa, najua upo, lakini hausemi kitu.

Leo naungama jambo ambalo hata mama yangu hajalisikia lote. Mama, kama unasoma, shikamoo. Weka miwani vizuri.

Mwenye studio tunamwita Mama Lenzi. Ni mwanamke asiyepiga kelele. Akikasirika hushusha sauti, na akishusha sana unatafuta viatu vyako.

"Babu Chekechea," aliniambia asubuhi moja, "kukata na kuunga sasa unaweza. Lakini wateja wa leo wanataka madoido. Wanataka nyota zimwagike, moshi upande, jua lipenye dirishani hata kama siku hiyo mvua ilinyesha. Jifunze ile programu ya madoido. Usipojifunza utabaki wa kubeba vigoda."

"Vigoda navibeba vizuri, Mama."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Ila sheria ni moja. Kupamba, ruksa. Kugeuza jambo lililotokea, hapana. Siku nikikukuta umegeuza tukio la watu, usingoje nikufukuze. Jifukuze."

Nikaitikia. Naitikia vizuri sana mambo nitakayoyavunja.

Niliyoyakuta ndani ya programu ile sijawahi kuyaona hata kwenye chumba cha mitambo ya sabuni. Vitufe vidogo kama mbegu za ufuta. Ukigusa kimoja, picha inakuwa ya kijani. Ukigusa kingine kuirudisha, inapotea kabisa, na kompyuta inakuuliza swali ambalo hata ukijibu ndiyo hujui umekubali nini.

Nikapata mwalimu kwenye mtandao. Kijana wa mbali, anaongea upesi, lugha yake naisikia nusu. Basi nikamfuata kwa macho. Akibonyeza, nabonyeza. Akiandika arobaini na tano, naandika arobaini na tano. Angekohoa ningekohoa.

Wiki ya kwanza alinifundisha kufuta kitu ukutani, unakifunika kwa kipande cha ukuta ulio jirani nacho mpaka jicho lisijue. Wiki ya pili alinifundisha kumwaga miale ya jua kutoka dirishani.

Wiki ya tatu dada yangu akaposwa.

Huyu ni mdogo wangu, kitindamimba wetu, msusi wa nywele. Baba alishafariki, kwa hiyo mwenye neno la mwisho juu yake ni baba mkubwa, kaka yake marehemu. Lakini siku ya posa baba mkubwa alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta kuanzia kidoleni hadi pajani. Akamtuma baba mdogo akae mahali pake, na mimi akaniagiza jambo moja.

"Nirekodie kila kitu. Nitahudhuria kwa macho."

Nikatega kamera mbili sebuleni kwetu. Moja mlangoni, moja pembeni ya kochi. Mshenga alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee mwembamba wa koti, aliyechezesha mpira miaka thelathini. Mtaa mzima unamwita Mzee Refa. Aliinuka, akasema maneno yake, akamkabidhi baba mdogo barua ya posa. Baba mdogo akaipokea kwa mikono miwili. Dada yangu alikuwa amekaa nyuma yao, kichwa kimeinama kidogo, kama inavyotakiwa.

Mnaniuliza mzee alitoa kwa mkono upi? Mimi nilikuwa nimeinamia waya wa sauti.

Kesho yake nikaketi kuhariri. Nikafika kile kipande cha kukabidhi barua. Sekunde kumi na moja. Nikajiambia, hapa ndipo pa kumwaga jua. Baba mkubwa yuko kitandani, apate mwanga.

Shida ikaja hapo. Dirisha la mwalimu wangu liko kushoto. Dirisha la mama liko kulia. Nilijaribu kuuhamisha ule mwanga, ukaenda kumulika dari. Nikajaribu tena, ukatoka sakafuni kama bomba lililopasuka. Nambari za mwalimu zilikuwa za kushoto, na mimi bila nambari za mwalimu ni mbeba vigoda.

Nikaona kitufe cha kugeuza picha, kulia iwe kushoto kama kwenye kioo. Nikabonyeza. Dirisha likahamia kushoto, jua likamwagika vizuri mpaka nikajipigia makofi.

Badala ya kuhamisha jua, nilihamisha watu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Ukutani kulikuwa na kalenda ya mama, na sasa maandishi yake yalisomeka kinyumenyume. Nikakumbuka somo la wiki ya kwanza. Nikaifuta kalenda. Ukuta ukabaki msafi, na shahidi pekee akawa amezikwa.

Jumapili tukajazana chumbani kwa baba mkubwa. Kompyuta ndogo tuliiweka juu ya plasta yake, maana ndiyo iliyokuwa meza ya karibu. Mama, baba mdogo, shangazi, dada yangu na mimi.

"Kalenda yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Nimeifuta, mama. Ni madoido."

"Usifute vitu vya watu. Nimeandika humo siku ya kuchukua vitambaa."

"Ipo ukutani, mama. Nimeifuta kwenye video."

"Sasa kwa nini—"

"Simamisha," akasema baba mkubwa.

Nikasimamisha.

"Rudisha. Hapo. Huo ni mkono gani?"

Tukaisogelea kompyuta.

"Nauliza wenye macho. Mshenga ameshika barua kwa mkono gani?"

"Kaka," baba mdogo akasema polepole, "ni... wa kushoto."

Baba mkubwa alitazama picha ile muda mrefu. Jua langu lilikuwa linamwagika juu ya mkono wenyewe. Nilikuwa nimeumulika mimi.

"Binti wa marehemu mdogo wangu," akasema, "ameletewa posa kwa mkono wa kushoto. Na wewe ukaipokea kwa mikono miwili, kama uliyeokotewa pochi yako."

"Kaka, wakati ule—"

"Ulihisi au hukuhisi?"

Sasa sikilizeni maajabu. Baba mdogo alikuwepo. Barua aliipokea yeye. Lakini alitazama kompyuta, akatazama mikono yake, akasema, "Kwa kweli nilihisi. Hata nilijiuliza."

"Mimi nilimwona," shangazi akadakia. "Nikamkanyaga mama yao mguu. Nilikukanyaga au sikukukanyaga, wifi?"

"Ulinikanyaga," mama akasema. "Nilidhani ni kwa sababu ya sahani."

Nilikuwa na maneno manne ya kusema: Baba mkubwa, nimeigeuza picha. Nikayapanga mdomoni. Nikangoja moyo unisukume, kama unavyowasukuma watu wengine. Haukunisukuma. Nikafunga kompyuta, nikaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Mzee Refa akapigiwa simu. Akaja juu.

"Mimi? Kushoto? Nimetoa kwa kulia mbele ya watu wazima kumi na wanane! Mnanichezea?"

Wakamtumia kile kipande kwenye simu. Zikapita dakika kumi. Akapiga yeye, na sauti haikuwa ileile.

"Nimeona," akasema. "Nimeangalia mara nyingi. Ni mimi, na ni kushoto. Sikumbuki kufanya hivyo. Lakini video ni video. Naomba radhi."

"Amekiri!" baba mkubwa akapiga plasta yake konzi. "Mtu akikiri, kesi imefungwa. Barua irudishwe. Harusi hakuna."

Hivi ndivyo nilivyoivunja posa ya mdogo wangu kwa kitufe kimoja, na mtu mwingine akaomba msamaha.

Dada yangu alipokea habari vizuri. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Alikula, akaoga, akaimba bafuni. Shangazi akasema, "Mtoto huyu ni jiwe." Mimi sikuwaza lolote. Jiwe hulijua jiwe mwenzake, nikafikiri ni ya ukoo.

Wiki ikapita. Nikaendelea na masomo. Nikajifunza kumwaga moshi.

Ijumaa Mama Lenzi akarudi kutoka uwanjani, alikokwenda kupanga kurekodi mechi ya maveterani. Akaweka begi la kamera mezani.

"Mechi imeahirishwa. Mzee Refa amekataa kuchezesha."

"Anaumwa?"

"Anasema mtu asiyejua ametumia mkono gani hana haki ya kumwonyesha mwenzake kadi. Unajua dada yake mkubwa alikufa akiwa hawatambui tena hata wanawe? Sasa anaona na yeye zamu imefika. Anauliza watu majina yao mara mbilimbili, anajipima. Jana kaniuliza mimi. Miaka kumi na tano ananijua."

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu. Wewe mbona umeganda?"

"Nawaza moshi," nikasema.

Hapo ndipo nilipokwenda saluni kwa dada yangu. Sitasema huruma ilinituma. Niliona tu kwamba miguu inaelekea huko, nikaifuata.

Ilikuwa saa za mchana ambazo wateja hawaji. Alikuwa anafagia nywele. Akanionyesha kiti cha wateja, nikakaa, tukawa tunaongea kupitia kioo, yeye nyuma, mimi mbele, kama mtu aliyekuja kusukwa.

"Kitinda," nikasema, "Mzee Refa alitoa kwa kulia. Mimi ndiye niliyegeuza picha."

Hakuacha kufagia.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba uliigeuza. Nilijua siku ileile, pale kwa baba mkubwa."

"Nani kakwambia?"

Akaweka ufagio. Akaja, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanielekeza kwenye kioo.

"Unajiona? Huyu ndiye unayemjua. Lakini kwenye video humpendi, sivyo? Unaona pua imepinda, unaona kama mtu mwingine kavaa nguo zako. Wateja wangu wote wanalalamika hivyo. Ni kwa sababu kioo kinakuonyesha umegeuzwa, na umezoea hivyo. Mimi nashinda mbele ya kioo toka asubuhi, kaka. Huyu wa kwenye kioo namjua kuliko mke anavyomjua mumewe. Sasa video yenu nzima nilijiona sura ngeni, njia ya nywele iko upande mbaya. Halafu zikaja sekunde zile, nikajiona mwenyewe. Yule wa kwenye kioo. Nikasema, kaka kapindua kitu."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza."

Hapo alinipata.

"Kesho naenda kwa baba mkubwa," nikasema. "Namwambia. Mama Lenzi atanifukuza, sawa. Utaolewa."

"Usiguse."

"Nini?"

"Nimesema usiguse, kaka. Acha ilivyo."

Nikageuka kumtazama ana kwa ana. Sura yake halisi ilikuwa ngeni kidogo, kweli kama alivyosema.

"Jamaa ana kosa gani?"

"Hana. Ndiyo taabu yenyewe. Angekuwa mlevi ningesema ni mlevi. Ni mtu mzuri, anasema tafadhali hata kwa mbwa."

"Sasa ulisema ndiyo ya nini?"

Akaanza kukusanya vitana, akavipanga kwa ukubwa.

"Nyumba ilikuwa imenyamaza. Tangu wifi aondoke, mama anashona bila kuwasha redio. Wewe unaingia, unatoka, unatutania, lakini macho yako ni ya duka lililofungwa. Wakaja watu na barua. Mama akacheka siku ile, umesahau? Nikaona basi, tupate habari njema. Nikasema ndiyo. Nimekaa nayo ndiyo hiyo mpaka inanikaba."

"Ungesema hapana."

"Kwa baba mkubwa? Na plasta ile?" Akatabasamu kidogo. "Nimepata kiti, kaka. Saluni kubwa, mji mwingine, mwezi ujao. Nilikuwa natafuta neno la kuwaambia. Wewe umenivusha bila neno hata moja. Ni kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya kwenye kompyuta ile."

"Na Mzee Refa?"

"Yule? Atasahau."

"Ndicho anachokiogopa."

Vitana vikamponyoka mkononi. Akaviokota, hakuvipanga tena.

"Nipe wiki mbili tu," akasema. "Nikishaondoka, waambie. Wiki mbili hazimuui mtu."

Nikakubali. Niliwaambia, naitikia vizuri.

Siku ya nne mlango wa studio ukafunguliwa mchana kweupe, akaingia Mzee Refa. Nyuma yake, dada yangu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mzee alimfuata saluni kumwomba radhi kwa mdomo wake, si kwa simu. Kisha akamwomba ampeleke kwa aliyeipiga ile video. Utamkatalia vipi mtu aliyekuja kukuomba radhi?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye kaka yake?" Akaniangalia. "Ndiyo, ni wewe. Nakujua. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba nakujua."

Mama Lenzi akamletea kiti. Hakukaa.

"Kijana, nimekuja kuomba marudio," akasema. "Nimechezesha miaka thelathini. Nimetukanwa na viwanja vizima. Wakati wetu marudio hayakuwepo, mtu ulikuwa na jicho lako na filimbi yako, basi. Sikuwahi kurudi nyumbani nikijiuliza kama nimeona nilichoona. Wiki hizi mbili najiuliza hata kama nimefunga mlango."

"Mzee—"

"Ngoja. Nataka kuiona ile isiyopambwa. Ile iliyotoka kwenye kamera. Kama ni kushoto, Jumatatu naenda hospitali waniangalie kichwa, na funguo za nyumba namkabidhi mwanangu kabla sijazipoteza. Kama ni kulia, nakwenda kwa mzee wenu leo hii, na harusi ipo, palepale tulipoiacha."

"Mwonyeshe mzee," Mama Lenzi akasema. "Si kitu kigumu. Fungua ile ya mwanzo."

Nyuma ya bega la mzee, dada yangu akatikisa kichwa. Polepole. Mara moja.

Nikakaa kwenye kompyuta. Nilifungua kazi ile. Kipande kikatokea, na jua langu, na ukuta wangu msafi. Kila nilichokiongeza kilikuwa juu yake kama mashuka, moja juu ya jingine, na kila shuka lina kialama chake cha jicho, cha kulifungua na kulifunga.

Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinililia. Nilikuwa nawaza kama kompyuta imechajiwa.

Lakini mzee alikuwa ameinama karibu nami, na pumzi yake ilikuwa inakatika kidogo, kama ya mtu anayesikiliza majibu mlangoni kwa daktari. Akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, kwake mwenyewe: "Mama Lenzi. Babu Chekechea. Binti, msusi." Alikuwa anahesabu tuliokuwa chumbani.

Nikafunga jua.

Nikafunga ule ukuta. Kalenda ya mama ikarudi, imeandikwa kinyumenyume.

"Mbona hayo maandishi..." Mama Lenzi akaanza.

Nikabonyeza kitufe cha kugeuza. Watu wote wakarudi upande wao. Dirisha kulia. Kalenda inasomeka. Na Mzee Refa, mwembamba, ndani ya koti lake, ananyoosha barua.

"Tena," akasema.

Nikarudia.

"Tena."

Mara ya tatu aliinua mkono wake wa kulia, akautazama mbele ya kioo cha kompyuta, pembeni ya ule wa kwenye picha. Akaukunja, akaukunjua. Akakaa kile kiti alichokikataa.

"Umeigeuza," Mama Lenzi akasema. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Dirisha la mwalimu liko kushoto."

Akanitazama kwa muda, kama anayetafuta kwenye uso wangu mahali pa kukasirikia. Kisha akaenda kabatini, akatoa begi langu, akaliweka mlangoni, sawasawa, mishikio juu. Nikamwambia asante. Sijui kwa nini. Ni mazoea ya kupokea vitu.

"Basi sina wazimu," mzee akasema.

"Huna, mzee. Nisamehe."

"Wewe nyamaza kwanza." Akacheka, cheko fupi, kavu, kisha likaisha ghafla. Akageuka kwenye kiti. Hakuwa ananitazama mimi.

"Binti."

Dada yangu akainua macho.

"Huyu kafungua hapa, mama huyu kashtuka, mimi nimeshtuka. Wewe hukushtuka."

"Mzee, mimi—"

"Miaka thelathini nimeangalia nyuso za watu waliocheza rafu wakitumaini sijaona. Ulijua?"

Feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka.

"Nilijua," dada yangu akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na leo nimekuja pale kwako. Nimesimama mlangoni, mtu mzima, nakuomba radhi. Ukanipokea mkono. Ukasema yamepita, mzee."

Mimi nilitaka kusema ni kosa langu, na lilikuwa langu, lakini mzee aliinua kiganja bila kunitazama. Kile kiganja kimesimamisha watu wengi.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu. Akatafuta jina, akiisogeza simu mbali na macho. Akabonyeza. Akaweka sauti ya wazi, akailaza simu juu ya meza, upande wa dada yangu.

"Sitamwambia mimi," akasema. "Mimi nimesema yangu, nikaomba na radhi ambayo haikuwa yangu. Uliyejua ndiye utakayesema. Mwambie mzee wenu nilitoa kwa mkono gani. Na kama kuna jingine ulilokuwa unalifichia nyuma ya mkono wangu, limalize hukohuko. Mimi si pazia."

Simu ikaita. Ikaita tena.

Mama Lenzi, aliyekuwa ameanza kutafuna kalamu, akaacha. Nilikuwa nimesimama kati ya meza na begi langu, na niligundua kwamba nimeyauma meno mpaka taya linauma. Lilikuwa linauma kweli.

"Haloo?" Sauti ya baba mkubwa, nzito, ya mtu aliyelala chali. "Haloo! Mzee mwenzangu, kuna nini tena? Mbona husemi? Nikate?"

Dada yangu akasogea. Akaweka vidole viwili ukingoni mwa meza, kama anayejaribu kama ni ya moto.

"Usikate, baba mkubwa," akasema. "Ni mimi."